Keki ya Boksi: Venye Bathdei ya Mtoto Iliingia Kanisani

Kuna keki imeimbiwa na watoto wengi sana hapa Kenya na hakuna mtu amewahi kuionja. Ni keki ya boksi. Boksi la viatu au la sabuni, limevalishwa karatasi ya manila ya rangi ya waridi, juu yake kuna mishumaa ya karatasi iliyoviringishwa, na moto wake ni vipande vya karatasi ya manjano. Jumapili ya mwisho wa mwezi ticha wa sande skul anaitoa kabatini, anaipangusa vumbi, anaiweka mezani mbele ya watu, kisha anasoma majina. Kila aliyezaliwa mwezi huo anatoka mbele na kuvalishwa taji la manila. Kanisa linaimba, vizibo vya soda vilivyotungwa kwa waya vinalia, pasta anaomba. Mwezi ujao keki ni ile ile, watoto ni wengine.

Sio kila kanisa linafanya hivi, lakini kama ulikulia sande skul ya mtaa, kuna uwezekano mkubwa unajua ninachosema.

Sasa, kila nikitaja hii kitu napata majibu matatu. La kwanza: Biblia haijui bathdei. La pili: huo ni uzungu. La tatu, ambalo siku hizi ndilo lina nguvu: keki ya boksi imepitwa na wakati, wacha wazazi walete keki ya ukweli. Nataka tupitie historia polepole, juu ukijua hii sherehe ilitoka wapi, majibu yote matatu yanaanza kuyumba.

Bathdei mbili, vifo viwili

Wanaosema Biblia haina bathdei wamekosea kidogo. Ziko mbili, na zote ziliisha vibaya.

Ya kwanza ni ya Farao, Mwanzo 40. Yusufu yuko gerezani na watumishi wawili wa mfalme, mkuu wa wanyweshaji na mkuu wa waokaji. Siku ya kuzaliwa kwa Farao ikafika, akawafanyia watumishi wake karamu. Mnyweshaji akarudishiwa kazi yake, mwokaji akatundikwa. Yaani bathdei ya kwanza kwenye Biblia, aliyekufa ni mtu wa kuoka.

Ya pili ni ya Herode, Mathayo 14 na Marko 6. Binti wa Herodia akacheza mbele ya wageni, mfalme akaapa atampa chochote, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa kwenye sinia.

Wakristo wa kwanza waliona hilo wazi kabisa. Origen, mwalimu mkubwa wa kanisa kutoka Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 alihubiri juu ya kitabu cha Walawi akasema hakuna mtakatifu anayeonekana kwenye Maandiko akifurahia siku yake ya kuzaliwa. Wanaofurahia ni watu kama Farao na Herode. Akakumbusha kwamba Yeremia na Ayubu wao waliilaani siku waliyozaliwa. Pia kulikuwa na sababu ya mtaani: Warumi walisherehekea siku ya kuzaliwa kwa kutoa sadaka kwa roho waliyoamini inamlinda mtu. Mkristo akiingia kwenye hiyo sherehe alionekana amerudi kwa miungu ya zamani.

Siku ambayo kanisa liliipenda ilikuwa nyingine. Karne ya 2, askofu Polikapo wa Smirna, mji ambao leo uko Uturuki na unaitwa Izmir, aliuawa kwa imani yake. Waumini wake waliandika kwamba wangekuwa wakikutana kila mwaka kukumbuka siku hiyo, na wakaiita siku ya kuzaliwa. Kwao kufa kwa ajili ya imani ndiko kulikuwa kuzaliwa kwenyewe. Hadi leo Mashahidi wa Yehova hawasherehekei bathdei, na hoja ya Farao na Herode ni mojawapo ya zile wanazotoa. Kama ulisoma na mmoja wao darasani, unakumbuka akikaa kimya wakati wengine wanaimba.

Lakini angalia hizo hadithi mbili tena. Ni nani alikuwa na bathdei? Mfalme na mtawala. Mtu mwenye jeshi, mwenye mvinyo, mwenye uwezo wa kusema fulani aishi na fulani afe. Mtoto anatokea kwenye karamu ya Herode, ni kweli, lakini ameletwa kuwachezea wakubwa. Kwa hivyo swali la kuuliza historia ni hili: siku ya kuzaliwa ilitokaje kwa mfalme ikafika kwa mtoto wa darasa la pili?

Mishumaa ya mwaka 1746

Ruka hadi Ujerumani, karne ya 18. Kulikuwa na tajiri mmoja wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyezaliwa mwaka 1700. Mwaka 1722 aliwapa hifadhi kwenye ardhi yake Wakristo waliokuwa wakikimbia mateso huko Moravia, na kutoka kwao likakua Kanisa la Moravian tunalolijua leo. Hao ndio walifika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, mwaka 1891, na bado wana waumini wengi sana upande ule.

Mwaka 1746 wafuasi wa Zinzendorf walimfanyia bathdei. Mtu aliyeshuhudia maisha ya kundi lile aliandika kwamba walioka keki kubwa kadiri tanuri ilivyoweza kuoka, wakaitoboa mashimo kulingana na miaka yake, kila shimo likachomekwa mshumaa, na mmoja ukawekwa katikati. Ni mojawapo ya maelezo ya zamani zaidi tuliyo nayo ya keki yenye mishumaa ya miaka, na inatoka ndani ya jumuiya ya kanisa.

Ila bado ilikuwa ya mkubwa. Huko Ujerumani familia zilianza pia kuwawekea watoto keki na mishumaa nyumbani, lakini mtoto wa maskini aliyefanya kazi siku sita kwa wiki hakuwa kwenye hiyo picha. Huyo alihitaji mlango mwingine.

Mlango wa Jumapili

Mlango wenyewe ulikuwa shule ya Jumapili. Mwaka 1780 mchapishaji wa gazeti wa mji wa Gloucester, Uingereza, Robert Raikes, alisaidia kuanzisha darasa la watoto waliokuwa wakifanya kazi siku za wiki. Jumapili ndiyo siku pekee walikuwa huru, kwa hivyo wakafundishwa kusoma siku hiyo, kwa kutumia Biblia. Hakuwa wa kwanza kabisa, lakini yeye ndiye aliyelitangaza wazo hilo likaenea.

Miaka kadhaa baadaye, Ujerumani tena, mtoto wa mchungaji anayeitwa Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo, mwaka 1837. Mwaka 1840 akaipa jina linalomaanisha bustani ya watoto, ambalo ndilo kindagateni. Froebel alisema mtoto anajifunza kwa mikono yake. Wakunje karatasi, wakate, wasuke, wafinyange udongo, wajenge na vipande vya mbao. Ukimwona ticha wa sande skul amekaa chini na makasi, gundi na manila, watoto wamemzunguka wakikata nyota, hiyo ni mbinu ya ualimu yenye karibu miaka 200. Usiiite uhaba wa pesa.

Sasa tufike kwa wimbo. Louisville, Kentucky, Marekani, kulikuwa na dada wawili, Patty na Mildred Hill, mabinti wa mchungaji wa Presbyterian. Patty alikuwa mwalimu wa kindagateni aliyefuata njia ya Froebel na kuiboresha. Baadaye alitengeneza hata vipande vikubwa vya mbao ili watoto wajenge nyumba wanayoweza kuingia ndani. Mildred alikuwa mwanamuziki. Mwaka 1893 walichapisha kitabu cha nyimbo za watoto, na ndani yake kulikuwa na wimbo mfupi wa kusalimiana asubuhi. Walikuwa wakiujaribu darasani, wakiubadilisha mpaka mtoto mdogo kabisa aweze kuuimba bila kuhangaika.

Tuni hiyo ndiyo unayoijua. Watu wakabadilisha maneno, salamu ya asubuhi ikawa salamu ya bathdei. Kufikia 1901 jarida la walimu huko Indiana lilikuwa linaeleza watoto wakiuimba hivyo. Na mwaka 1911 maneno ya "Happy Birthday to You" yakachapishwa kwenye kitabu cha kuwafundisha walimu wa shule za Jumapili za Methodisti. Soma hapo tena. Wimbo wa bathdei unaoimbwa zaidi duniani, mojawapo ya mara za kwanza maneno yake kuwekwa kwenye kitabu, ilikuwa kitabu cha ticha wa sande skul.

Kisha pesa ikaingia. Mwaka 1935 kampuni ya uchapishaji ilisajili hakimiliki. Mwaka 1988 kampuni iliyokuwa na hizo haki ikanunuliwa kwa takriban dola milioni 25. Wimbo uliotungiwa watoto ukawa na ada: ukiutumia kwenye filamu, unalipa. Mtengenezaji filamu Jennifer Nelson alitozwa dola 1,500, akaenda kortini mwaka 2013. Mwaka 2015 jaji wa Los Angeles akaamua kampuni haikuwa na haki halali juu ya maneno ya wimbo, na mwaka 2016 kesi ikafungwa kwa makubaliano ya dola milioni 14. Sasa ni wa kila mtu. Shikilia hiyo, tutaihitaji tukifika kwa keki.

Hapa kwetu tarehe ilikuwa ya nani?

Jibu la pili lilikuwa "huo ni uzungu". Tukubali, keki na wimbo zilikuja na meli. Lakini kukumbuka ni lini mtu alizaliwa hakukuja na meli.

Angalia majina ya darasa lako. Otieno alizaliwa usiku, Akinyi asubuhi. Wafula alikuja na mvua, Wanjala alikuja wakati wa njaa. Kibet na Chebet walizaliwa mchana. Siku yako ya kuzaliwa ulikuwa unaitwa kila siku, mtu akitaka tu ulete maji. Na kwa jamii nyingi, kilichopewa sherehe kubwa hakikuwa mwaka wa mtu mmoja. Ilikuwa rika. Mlioingia jandoni pamoja mlikuwa kundi moja lenye jina, na Wakikuyu walikuwa wakiliita rika kwa tukio la wakati ule. Ukijua rika la mtu unajua umri wake.

Tarehe ya kalenda ilikuwa kitu kingine, na mara nyingi kwa Mwafrika wa kawaida karatasi ya kwanza yenye tarehe na jina lake ilitoka kanisani. Mfano mkubwa ni Mzee Jomo Kenyatta. Rais wa kwanza wa nchi hii, sura yake imewahi kuwa kwenye pesa, na hakuna anayejua siku aliyozaliwa. Wanahistoria wanakadiria miaka ya 1890. Lakini siku za ubatizo wake zinajulikana: alibatizwa Agosti 1914, kwenye misheni ya Waskoti huko Thogoto, akaitwa Johnstone. Kanisa liliandika alipoingia kanisani, lakini siku aliyoingia duniani hakuna aliyeiandika.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili vizazi na vifo mwaka 1928, lakini usajili wa lazima ulikuja kufika nchi nzima mwaka 1971. Ndiyo maana una mjomba aliyezaliwa Januari 1, na jirani yake Januari 1, na rafiki yao pia Januari 1. Karani aliuliza tarehe, hakukuwa na jibu, akajaza ya kwanza. Na ndiyo maana familia nyingi ziliweka kadi ya ubatizo kwa kile kisanduku cha nguo nzuri, juu ndiyo ilikuwa ushahidi wa umri ukitakiwa shuleni au kwa ofisi ya kitambulisho.

Kwa hivyo Jumapili ya mwisho wa mwezi, ticha akifungua daftari na kusoma majina na tarehe, anafanya kazi mbili za zamani kwa pamoja. Moja ni ya yule karani wa misheni: kuandika kwamba huyu mtoto yupo. Ya pili ni ya rika: kusimamisha watoto wa msimu mmoja pamoja, waimbiwe kama kundi, bila kuuliza wa nani ni wa nani. Wimbo ulitoka Kentucky, ni kweli. Lakini venye tunafanya, watoto kumi mbele wamevaa taji moja aina moja, hiyo imekuwa yetu.

Keki ya ghorofa tatu

Sasa tuje kwa jibu la tatu, ambalo ndilo linanifanya niandike.

Makanisa mengine yanaacha keki ya boksi. Mzazi anataka bathdei ya mtoto wake iwe siku yenyewe, sio mwisho wa mwezi na wengine. Anakuja na keki ya ghorofa tatu, baluni za dhahabu, mpiga picha, na nguo za familia nzima zinazofanana. Kanisa linaimba, ni furaha, sikatai. Jumapili inayofuata ni zamu ya mtoto ambaye mathe wake anauza mboga. Huyo mathe anafanya nini? Nimemsikia mmoja akisema afadhali mtoto akae nyumbani hiyo Jumapili. Mtoto anafichwa na kanisa kwa sababu ya bathdei yake.

Hapo tumerudi pale tulipoanza. Siku ya kuzaliwa ni ya mwenye uwezo, na wengine ni wageni wa kushangilia. Origen angetuangalia atikise kichwa.

Keki ya boksi inazuia hilo, na inazuia kwa sababu haiwezi kununuliwa. Hakuna mtoto ana boksi kubwa kuliko mwingine. Mtoto wa daktari na mtoto wa boda wanapuliza mshumaa ule ule wa karatasi, na watoto wakipuliza wanacheka kweli, juu wote wanajua hauzimiki. Imetengenezwa na watoto wakubwa wa darasa, ambao mwaka juzi walikuwa wanavalishwa taji na sasa wanalikata. Watoto ambao tarehe yao haijulikani, na wapo, wa mitaani na wa makao ya watoto, wanapewa mwezi kwenye daftari. Kwa keki ya ghorofa tatu hawana mahali.

Simwambii mzazi asinunue keki. Nunua, au pika ile ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, mle nyumbani na majirani. Ukiileta kanisani, ikatwe kwa watoto wote wa mwezi huo, iwekwe kando ya ile ya boksi. Kilicho mbele ya madhabahu kiwe cha wote.

Na sisi wa kushika simu tuna kazi pia. Usipige mtoto wa mtu video amevaa taji lenye jina lake na umri wake ukaiweka mtandaoni kwa sababu ni tamu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ni taarifa hasa. Piga keki picha, keki haina mzazi.

Makanisa yaliwahi kukataa bathdei juu ilikuwa ya wafalme. Walimu wa watoto, wengi wao wanawake ambao hatujui majina yao, ndio waliichukua wakaifanya ya mtoto yeyote anayeingia mlangoni Jumapili. Walitumia wimbo mfupi, karatasi na gundi. Tukitaka kubadilisha, tujue tunabadilisha nini.

Kama kwenu bado mna keki ya boksi, niambie imetengenezwa na nini na ina miaka mingapi. Na kama ilitupwa, Jumamosi hii tafuta boksi, nunua manila na gundi, uende umwone ticha wa sande skul. Atakuwa na makasi.